Msiba wa Maboksi

Jeneza lilikuwa la maboksi ya televisheni. Mjukuu wangu Ebenezer na wenzake wa chuo waliyaunga kwa gundi, wakayapaka rangi ya kahawia, wakalianika uwanjani kwangu pembeni ya migomba. Kuku wakapanda juu. Niliwafukuza kama ninavyowafukuza kwenye mahindi. Sikusikia kitu moyoni.

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kufika huku kwetu juu ya Usa River, na kila kijana alitaka kuonekana kwenye televisheni. Ebenezer alipewa kazi chuoni, atengeneze video ya wimbo. Wimbo aliutunga mwenyewe, wa mama yake. Mama yake ni Aika, binti yangu, niliyemzika mwaka uliotangulia.

Aika alirudi kutoka mjini amekonda, na watu wakajua ni ugonjwa gani. Siku ya kuzika majirani walifika, wakasimama kule nje kwenye masale, mimea ya mpaka wa uwanja, wakaondoka. Chai yangu hakuna aliyeigusa. Tangu hapo hakuna aliyekanyaga uwanja wangu, na mimi sikulia. Si kwamba nilijikaza. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugonga na wala si wako.

"Bibi, wewe utakaa hapa kwenye kigoda, unalia," alisema Nasri, kijana wa mtaa wa Sakina, mjini, aliyezoea kupiga video za harusi.

"Kulia siwezi, mjukuu wangu."

"Tutakukatia kitunguu. Mama wa bibi harusi mmoja kule Elerai tulimkatia viwili!"

Walicheka. Kitunguu kikakatwa. Macho yaliwasha tu, chozi halikuja. Basi Nasri akawaambia wasichana wa chuo wapige yowe, tena yowe hasa, si la kuigiza.

Hapo ndipo walipokosea. Hata Ebenezer alilelewa mjini, hakujua. Kwenye migomba huwezi kuona kwa jirani kuna nini. Unasikia tu, na ukisikia unakwenda.

Wakaja. Mbele Mama Elisaria, jirani yangu, kuni kichwani. Nyuma yake wanawake na ndizi, maharage, kibuyu cha maziwa, khanga zimefungwa kiunoni. Waliingia wakilia tayari. Nasri hakuzima kamera.

"Nani ametutoka?" Mama Elisaria aliuliza. Halafu akaliona jeneza, maandishi ya kiwandani yanachungulia chini ya rangi. "Nyie watoto! Mnaita msiba kwa mchezo?"

Ebenezer akaanza kuomba radhi. Nikamkatiza.

"Ni Aika," nikasema.

"Aika si tulishamzika?"

"Wewe ulisimama kwenye masale, Mama Elisaria."

Yeye alisimama na mzigo wake, shingo imekaza, na mimi nikajua kwamba akigeuka huyu, watageuka wote, na uwanja wangu utabaki hivyo hivyo mpaka nife. Sikuomba. Nilimtazama tu.

Akazitua kuni.

"Ile sufuria kubwa bado unayo?"

"Ipo."

Walikaa mpaka jua likaingia nyuma ya Mlima Meru. Walimlia Aika kwa jina lake, wakala, wakanywa, wakasengenya waliobaki nyumbani. Mtoto wa chuo mmoja alifundishwa kumenya ndizi, akachekwa mikono yake ilivyogeuka myeusi.

Baadaye Ebenezer alinipeleka Sakina nione wanavyokata picha. Kwenye kompyuta ya Nasri wale wanawake walikuwa wamekaa, vikombe mikononi, muda mrefu.

"Hapa naondoa, Bibi. Hakuna kilio hapa, watu wanakula tu."

"Ondoa," nikamwambia. Ilikuwa kazi yao.

Video ilipoonyeshwa chuoni nilionekana mara moja, kwa mgongo, nimeinama na birika. Watu walifuta machozi. Mwalimu wa Ebenezer, kijana mwenye adabu, akanifuata nilipokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani. Wote pale kwenye video wanalia. Mbona wewe hulii?"

"Nilikuwa na wageni," nikamwambia.