Tulifunga kwa Ajili ya Janice

Mfungo niliutangaza mimi, kwa hiyo lawama ni zangu. Janice wa kwaya yetu alikuwa amejifungua kwa upasuaji na maziwa yakagoma kutoka. Mumewe yuko safarini na lori. Sisi kina mama wa kanisa hapa mtaani Shika Adabu, pamoja na Mzee Musyoka, tukakubaliana kufunga siku tatu, na kila saa nane mchana tukusanyike kwake kuomba.

Siku ya tatu nilifika mapema, nikapitia mlango wa uani. Nikamkuta Janice anagugumia uji wa pilipili manga aliopikiwa na jirani yake, Bi Mishi, naye Bi Mishi amemshikia mtoto. Aliponiona, Janice akaficha kikombe nyuma ya mto.

"Nisamehe, Mama Griffin. Niliona haya kuwasha jiko, nanyi mmeshinda na njaa kwa ajili yangu."

"Kwa hiyo hujala tangu juzi?"

"Mkate kidogo, mkishaondoka."

Bi Mishi akanikazia macho. "Hata Ramadhani, mwenye kunyonyesha ana ruhusa ya kula. Nyinyi mwamuombea maziwa, na chakula hamumpi. Yatoke wapi, mwanangu?"

Niliona aibu, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Siku tatu nimeomba kwa machozi kando ya jiko lililozimwa, na nepi chafu zimejaa beseni mbele ya macho yangu!

Wenzangu walipofika na Biblia zao, niliwapokea mlangoni. "Mfungo umeisha. Wawili mfue nepi. Wengine nendeni sokoni mlete samaki wa supu. Mzee Musyoka, maji hakuna humu ndani."

Mzee wetu wa kanisa hakusogea. "Dada Philister, tumeokolewa kwa imani. Si kwa kupika supu."

"Ni kweli, Mzee. Mimi nimeokoka miaka ishirini sasa, sipiki ili niokoke. Napika kwa sababu nimeokoka. Wewe je?"

Aliweka Biblia juu ya kabati, akakunja mikono ya shati, akachukua mtungi.

Kesho yake alasiri mtoto alinyonya, akanyonya tena, akalala. Janice alilia kwa furaha, nami nikalia naye. Mzee Musyoka akaingia na mtungi wa pili, akasimama kusikiliza ule ukimya wa mtoto aliyeshiba.

"Amina," akasema polepole, akatoka kufuata wa tatu.