Kona ya Mkuyu

Nakutegea, nawe usinijibu kwa pupa. Nina mgeni ambaye kiangazi simwoni. Masika akija hapigi hodi, na akiondoka habebi chake, anabeba changu. Ni nani huyo?

Hujui. Basi nipe mji. Haya, umenipa Kisarawe, nimeupokea, nimekaa nikashiba, sasa nakujibu: ni kijito cha Kivumo, kinachopita nyuma ya shamba letu hapa Marui. Kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua ikipiga vilimani usiku kucha, asubuhi maji yanashuka yanaruka mawe, na sauti yake unaisikia ukiwa jikoni. Mvua ikikatika, kinanywea tena. Sisi kijito hicho ni cha kuvuka, au cha kungoja kipungue. Hakuna aliyewahi kukifanya njia, mpaka mjukuu wangu Saburi.

Saburi alikuwa mtoto wa binti yangu Hamisa, wa pekee. Alifanya kazi Dar, kwenye hoteli ya ufukweni, pamoja na rafiki yake Faraji, kijana wa Dutumi huko Kibaha. Walikuwa wakiwafundisha wageni kayaki, ule mtumbwi mdogo wa plastiki ambao mtu anaingia ndani yake kama mguu kwenye kiatu, anapiga kasia lenye makafi bapa kila ncha. Hoteli iliponunua mpya, wao wakapewa mbili zilizochakaa. Masika ya mwaka jana wakaja nazo nyumbani juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

"Bibi, baharini kumelala tu," aliniambia. "Raha iko kwenye maji yanayoshuka. Na Kivumo kinashuka kweli."

"Mume wangu," nikamwambia, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume, "hilo beseni jekundu si uniachie nifulie?"

"Nikikuachia utakimbia nalo, uniache mjane."

Faraji alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikwenda kuwatazama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Saburi alishuka pale penye mawe makubwa, pua ya kayaki ikazama, naye akazama, nikaona povu tu. Hamisa alikuwa pembeni yangu amejifunika uso kwa khanga.

"Mama, ametoka?"

"Ametoka."

"Kweli ametoka?"

"Ametoka, anacheka, funua macho."

Walipita kona ya mkuyu, wakatokea chini kwenye mashamba ya mpunga, wakarudi kayaki begani, na watoto wote wa kijiji nyuma yao. Hivyo ndivyo walivyoijua njia. Kona ya mkuyu ilikuwa wazi, wameipita wenyewe.

Kisha mvua ikakatika kidogo, maji yakapungua. Na maji ya Kivumo yakipungua katikati ya masika, wanaume wa kwetu wana kazi yao. Wanakata miti na matete, wanasimika uzio kukatisha kijito, wanaufunga kwa kamba, wakingoja kambare. Na mwenye uzio hasemi ameuweka wapi mpaka amtoe kambare wa kwanza. Hamwambii jirani, hamwambii mke. Ukimuuliza, ananyamaza. Wanasema ukiutaja, kambare wanageuza. Mume wangu, mzee Mwishehe, ameishika desturi hiyo tangu hajanioa. Mimi nimekaa naye miaka yote, sijawahi kujua uzio uko wapi kabla samaki hajafika jikoni.

Mvua ikarudi, kubwa. Kulipokucha Kivumo kilikuwa kinanguruma. Saburi na Faraji wakavaa helmeti na maboya yao ya kifuani. Mzee alikuwa amekaa kibarazani anasokota kamba. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikamsikia Saburi mlangoni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba."

"Babu, wewe ndiye mwenye mto. Huko kona ya mkuyu pana kitu?"

Kimya.

"Babu, nakuuliza wewe."

Kimya. Nikasikia Saburi anacheka. "Haya, nimeshindwa, nakupa mji. Nakupa Kisarawe nzima, na Pugu juu yake. Nijibu basi."

Mzee akaendelea tu kusokota kamba yake. Saburi akambusu kichwani, akaenda zake. Mimi nikadhani ni ule utani wao, nikaendelea na ungo wangu.

Faraji ndiye aliyerudi, anakimbia, viganja vyake vimechanika vinatoka damu. Alisema Saburi alikuwa mbele. Pale kwenye kona kulikuwa na miti imesimama majini, kayaki ikalala ubavu kwenye miti ile, maji yakaikandamiza chini na yeye akiwa ndani. Yeye Faraji alivuta mpaka mikono ikakataa. Tulipofika, maji mengine yalikuwa yameshashuka kutoka vilimani, yamefagia kila kitu. Saburi tulimkuta kwenye mpunga. Miti hatukuiona.

"Miti gani inayosimama katikati ya mto?" Hamisa alimuuliza.

"Mama, ilikuwepo. Naapa."

"Ulimleta na kidude chako, ukamuua, sasa unasingizia miti."

Wanaume waliokuwepo walitazama chini. Mume wangu pia.

Tangu siku hiyo Hamisa hakuipokea salamu ya Faraji. Alikuja kwenye arobaini, akakaa nje ya jamvi. Akisema "Shikamoo mama," Hamisa anageuza shingo. Watu wa Marui nao wakajifunza kugeuza. Binti yangu alikonda. Nikimwambia ale, anasema, "Mama, mtu aliyepanda mawe yale akicheka, amekufaje pale pasipo na jiwe?" Hilo ndilo lililokuwa linamla. Nami nilikuwa na ile sauti ya kimya cha kibarazani tu, inanirudia nikipepeta.

Masika ya mwaka huu yalipoanza, Kivumo kikaanza kusema. Nikangoja mume wangu achukue panga akakate matete. Hakuchukua. Matete yakasimama mpaka yakatoa maua. Siku ya hitma ya mwaka, wageni walipokwisha kwenda, Faraji akaja peke yake kutoka Dutumi, ameloa, na kitu kirefu amekifunga kwenye kiroba.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu. Shikamoo mama."

Sisi wawili tulimwitikia.

"Umekuja tena," Hamisa akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu mazishi.

"Nimekileta cha marehemu, ndicho pekee nilichokivuta majini siku ile. Nilishindwa kukileta kabla."

Akafungua. Lilikuwa kasia la Saburi. Kafi moja limevunjika, na shingoni mwake imejiviringisha kamba, imekaza, mabaki ya matete yamekauka ndani ya fundo. Faraji hakuwa ameifungua.

Hamisa akalipokea. Akaipitishia kidole kamba ile. Ilikuwa ya nyuzi za kiroba cha mbolea ya sulfeti, buluu na nyeupe, imesokotwa kwa vikamba vitatu, na mwisho wake umekunjwa kurudi ndani. Kwa kamba za namna hiyo Hamisa alifunga mbuzi utoto wake wote. Kijiji kizima hakuna mwingine anayekunja mwisho hivyo.

Hakumtazama baba yake. Alimtazama Faraji.

"Kwa nini mlikwenda, kama hamkujua kulivyo?"

"Tuliuliza, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Saburi alimuuliza Babu. Babu hakusema kitu. Saburi akaniambia njiani, kungekuwa na kitu Babu angesema, yeye hawezi kuniacha. Tukaenda."

"Na mwaka mzima ulinyamaza, nikikutukana?"

"Ni mzee wangu. Ningeanzaje?"

Mvua ilikuwa imerudi kwenye bati. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale kibarazani, mahali pale pale, mikono yake mapajani haina kamba.

Hamisa akaenda akapiga magoti mbele yake, akamlazia kasia miguuni. Hakupandisha sauti.

"Baba. Mwanangu alikuuliza. Kona ya mkuyu pana kitu?"

Mzee Mwishehe aliifunika ile kamba kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Alipozungumza hakuwa anamtazama Hamisa, alikuwa anatazama mlangoni, pale Saburi aliposimama na helmeti yake.

"Mji ulinipa, mjukuu wangu, nikaula kimya," akasema. "Pana uzio. Uzio wangu, nimeusimika jana. Ukifika kona ya mkuyu usipite majini. Shuka, beba kayaki yako begani, pita nchi kavu."