Kengele ya Sita ya Askerby

Kila mgeni anayekuja Askerby huanza kwa kuyasifu mawe ya uwanja wa soko, kisha huteguka mguu juu ya mawe hayohayo, kisha huja kununua jibini kwangu. Siwachukii wageni, maana ndio wanaonilisha. Lakini Jumatano ile, siku moja kabla ya gulio kuu la mwaka, sikuwa na hamu ya kumchekea mtu yeyote. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Shida yenyewe ilikuwa kule juu, kwenye mnara wa kanisa. Tuna kengele sita, na kila moja ina kamba yake na mtu wake wa kuivuta. Tangu enzi za wafalme ambao hata majina yao tunayachanganya, gulio letu halifunguliwi mpaka zote sita zilie, moja baada ya nyingine, kuanzia ndogo kabisa hadi ile kubwa. Na wapigaji tulikuwa tumebaki wanne: mimi mwenyewe Enid Thackray, niliye kiongozi wa mnara; Gilbert mwenye bucha; na pacha wa Ormerod, Winnie na Dot, vikongwe wawili wanaogombana hata juu ya mvua, kama inanyesha au hainyeshi. Baraza la kanisa lilikuwa limeshakata shauri. Mwaka huu zisipolia sita, wataweka spika mnarani na kufungulia kengele zilizorekodiwa kwenye kanisa jingine.

"Za kanisa jingine, Mchungaji!" nilimwambia Mchungaji Pauline aliponiletea habari. "Si bora utufungie mbuzi huko juu?"

"Usinigombeze mimi, Enid. Mimi ndiye niliyewaombea nafasi hii ya mwisho," alisema. "Niletee watu sita kesho asubuhi, basi."

Nilikuwa bado nanuna nyuma ya meza yangu sokoni alipokuja mwanamke mmoja kijana, kavaa buti za kupandia vilima. Alionja jibini, akasifu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mnara.

"Samahani, mama, mazoezi ya kengele ni leo jioni?" aliuliza. "Mimi ni mpigaji."

Kwetu neno hilo linatosha. Mpigaji wa kengele akiwa safarini, mnara wowote atakaoukuta Uingereza hii, atapanda na atapewa kamba. Haulizwi dini wala ukoo. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili yenye harufu ya jibini.

"Umeletwa na malaika wewe?"

"Nimeletwa na gari bovu," alisema, akacheka. "Naitwa Lorna. Natoka kusini, Devon."

Watano, nikawaza. Tumebakiza mmoja. Nilifunga biashara mapema, na kwa kuwa jioni ilikuwa bado, nikamchukua kutembea hadi magofu ya nyumba ya watawa, kule mtoni. Sikufanya hivyo kwa ukarimu tu. Niliogopa asije akanitoroka.

Sasa, njia ya magofuni hugawanyika kwenye ukuta wa mawe. Wageni wote hufuata kibao, hukata kulia, na huishia kwenye tope la kondoo la Hodgson. Lorna alikata kushoto bila kuuliza, akapenya kwenye mwanya wa ukuta tuliokuwa tukipenya sisi tukiwa watoto.

"Nani kakuonyesha hapo?"

"Nimebahatisha tu."

Hakuna anayebahatisha mwanya ule. Nikapenya nyuma yake. Tulipofika kwenye mawe ya kuvukia mto, alisimama ukingoni akaniuliza, "Lile la katikati bado linayumba?" Kisha akang'ata mdomo na kujifanya anatazama bata. Nikajua huyu mgeni ana lake jambo.

Jambo lenyewe nililiona jioni, mnarani. Nilimpa kamba ya kengele ya tatu. Alivuta vizuri, taratibu, bila kushindana nayo. Halafu nikaona kidole chake kidogo cha kushoto. Kila alipoikamata kamba, kidole kile kilisimama nje, peke yake.

Baba yangu alivunjika kidole hicho akiwa kijana, kikabaki kimenyooka. Alipotufundisha kupiga, tulimuiga mpaka kasoro yake. Duniani tulikuwa watu wawili tu tunaoshika kamba namna ile: mimi, na kaka yangu Clement.

"Simameni!" niliita. Kengele zikanyamaza. "Lorna, baba yako nani?"

Aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. "Nisamehe, shangazi. Yuko hotelini hapo chini. Amekaa kitandani na koti lake mwilini. Aliniambia nitangulie nikaone kama utanirusha dirishani."

Shangazi. Basi huyu ni binti wa Clement.

Baba alipofariki, miaka thelathini iliyopita, wapigaji walinichagua mimi niishike kengele yake, ile kubwa, ya sita. Clement alisema mbele ya watu wote kwamba kengele ile si ya mikono ya mwanamke. Akatupa funguo za mnara sakafuni, akahamia kusini, na hata kadi ya Krismasi hakuwahi kuleta. Nilikasirika wakati ule, na jioni ile nilikuwa bado nimekasirika, sitaki kusema uongo. Lakini pia nilikuwa nimemkosa sana, na hilo sikuwahi kumwambia mtu.

"Nenda ukamwone," Lorna alisema. "Hatapanda asipoitwa."

"Nikambembeleze? Aliondoka kwa miguu yake. Ngazi anazijua."

"Mtu wa sita yuko hapo chini anakunywa chai," Gilbert akadakia, "na wewe unaleta maringo! Tutapigiwa spika, Enid!"

"Mtu mwenyewe kichwa kigumu," nilisema.

"Afadhali yeye," Dot akasema. "Angekuwa kama wewe tungekwisha."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda mnarani kabla ya wenzangu, nikaivuta kengele kubwa taratibu hadi ikasimama juu kule mdomo ukitazama mbinguni, tayari kwa kupigwa. Sikumwambia mtu kwa nini.

Wengine walipofika, soko lilikuwa limejaa. Nilichungulia dirishani. Kondoo, pai za nyama, watoto juu ya mabega ya baba zao, na pale mbele ya meza ya Gilbert, mzee mmoja mwenye fimbo, pai mkononi, ametazama juu. Moyo uliniuma. Alikuwa amezeeka bila mimi kuwepo.

Mchungaji Pauline alisimama mlangoni akatuhesabu kwa macho. Tulikuwa watano. Uso wake ulishaanza kutupa pole.

"Haya, tuache ndogo, tupige tano zilizobaki," Gilbert alisema. Ndivyo tufanyavyo mtu akipungua. Kengele ndogo ikikosekana, sokoni hakuna anayegundua.

"Tunaacha kubwa," nilisema.

"Una homa?" Winnie aliuliza.

"Tunaacha kubwa, na nafasi yake mnaiacha wazi. Kila mzunguko. Asiizibe mtu."

Nikaiacha kamba ya baba ikining'inia, nikashika ya tano.

Tukapiga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha kimya. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha kimya. Ilikuwa kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji. Makelele ya soko yalipungua, yakaisha. Mpiga kengele anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia baridi na hata ndugu zake, lakini pengo la namna ile halivumilii. Hilo ndilo nililolitegemea, na sikuwa na lingine.

Tulizunguka, tukazunguka. Mikono ilianza kuwaka moto. Gilbert alinitazama kwa huruma, nami nikakwepa macho yake. Nilikuwa karibu kuita tusimame niliposikia fimbo ikigonga ngazi za mawe, polepole, na mtu akihema na kulaani kila ngazi.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

"Nani huyo anayeinyamazisha kengele ya baba siku ya gulio?" Clement alifoka. Masharubu yake yalijaa makombo ya pai.

"Mwenyewe alikuwa chini anakula," nilijibu bila kuondoa macho kwenye kamba. "Funga mlango, unatuletea baridi. Simameni!"

Kengele zikatulia. Aliangalia kamba ya sita, akaniangalia mimi.

"Enid, siku ile nilisema..."

"Tutaongea kwenye chai. Watu wanangoja."

"Mikono yangu si ile ya zamani. Huenda ikanishinda."

"Kumbe hata kwa mikono ya mwanamume ni nzito," nilisema.

Winnie alicheka kwanza, halafu Lorna, halafu Clement mwenyewe, cheko lilelile la utotoni. Akaweka fimbo ukutani na kuishika kamba. Kidole chake kidogo kikasimama nje, na changu pia.

"Inakwenda," Winnie aliita mwito wetu wa kuanza, kamba ya ile ndogo mkononi. "Imekwenda!"

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Na ya sita ikaunguruma hadi sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyetu, imechelewa kidogo, lakini imelia. Chini sokoni watu walipiga kelele za shangwe. Mchungaji Pauline alikuwa ameinua vidole sita hewani, analia na kucheka.

"Umechelewa," nilimwambia Clement.

"Najua, dada," alisema, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye makombo. "Najua."

Mzunguko wa pili alikuwa sawasawa. Tulipiga mpaka pai za Gilbert zikaisha zote kule chini.