Karakana ya Baba Mkubwa Ndani ya Kompyuta

Mimi nikishakipiga picha kitu, hakipotei tena. Hata kibomolewe, nakirudisha kona kwa kona, uingie utembee humo. Ndivyo nilivyomwambia mama mkubwa, naye akaniamini, akanipa funguo.

Karakana ya marehemu mumewe, fundi redio, ilikuwa ivunjwe kupisha barabara. Alitaka kitu kimoja tu: aweze kusimama tena upande wa pili wa meza, pale alipozoea kusimama akimpelekea chai. Programu yangu inaweza. Unaipa picha nyingi za vitu vilevile kutoka sehemu tofauti, inazilinganisha, inajua kipi kiko mbele na kipi nyuma, kisha inajenga chumba. Ina sharti moja: mpiga picha ahamehame. Ukiganda mahali pamoja, haitambui umbali.

Leo asubuhi tingatinga linanguruma mtaa wa nyuma, na mama mkubwa hakai. Anafunga pazia, analifungua. Anapangusa kiti, hakikalii.

"Bado tu?"

"Inapika, mama mkubwa."

"Tangu alfajiri? Inapika mawe?"

Kioo cha kompyuta kikawaka. Redio zikatokea, bisibisi zikatokea, hata shati la kazi msumarini. Mama mkubwa akaguna kwa furaha, akainama. Nikaanza kumzungusha kwenda upande wa pili wa meza. Meza ikavutika kama ulimbo, ikachanika. Nyuma yake giza tupu.

"Mbona meza imebandikwa ukutani?"

"Kompyuta hii imezeeka."

"Na mimi je? Nasimama wapi?"

"Hapo nyuma... panakuja."

Ukuta ukaanguka huko nje, madirisha yakatetemeka. Mama mkubwa akanisukuma begani. "Basi kimbia, kapige nyingine, upesi."

Nilifika mlangoni tu. Juu ya mabati ya majirani, pale lilipokuwa paa la karakana, palikuwa na vumbi.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na dirisha la karakana, akaingia amekumbatia kibao cha "Fundi Redio" alichokiokoa. Akakiegemeza ukutani, akaja kuchungulia kompyuta.

"Uliniambia umetembea chumba kizima," mama mkubwa akasema, polepole.

"Nimetembea, mama mkubwa. Mpaka visigino vikawaka moto. Tatizo ni mwanga."

Kinyozi akaitazama ile meza iliyochanika, akanitazama mimi.

"Visigino vya nani?" akasema. "Mimi nilikuwa namnyoa mteja. Nikakuona umejitupa kwenye kile kiti cha fundi kinachozunguka, miguu juu ya meza, simu mkononi, unajizungusha palepale kama pangaboi. Hukuinuka hata mara moja. Mteja alicheka mpaka nikamkata sharafa."

Mama mkubwa hakucheka. Alinyoosha mkono, kiganja wazi, akingoja funguo za mlango ambao haukuwapo tena.