Kikombe cha Upande wa Cheni

"Kuume, Abrar! Zungusha kuume! Miaka arubaini nafungua baiskeli, leo wewe ndiye wa kunifunza kazi?"

Baba huyo. Macho yamemwisha, ulimi bado mkali. Ameketi ukumbini kwetu hapa Kuze, nami nimepiga magoti sakafuni, mikono yanuka mafuta ya taa, nang'ang'ana na baiskeli kuukuu ya Kifaransa ya kakangu Mzamil. Nimeipiga msasa, nimeirudishia rangi yake ya samawati, breki zashika. Imebaki kikombe cha chuma kinachoshika ekseli ya pedali, upande wa cheni. Hicho kimekataa katakata.

Ni kwa sababu ya kikombe hicho Mzamil alihama nyumbani. Baiskeli za Kiingereza na za Kihindi, alizozizoea Baba, upande huo hufunguliwa kuume. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikizungusha hivyo, kikagoma. Mzamil akamwambia, "Baba, za Kifaransa hufunguliwa kushoto." Baba akamzaba kofi mbele ya wateja, pale barazani alipofanyia kazi. "Umekikaza vibaya wewe, kisha wanipa darasa!"

Mzamil akaenda zake Ganjoni. Ganjoni, jamani, si Ulaya! Kwa miguu ni nusu saa. Hajakanyaga hapa tena, wala Baba hajamwita. Na juzi daktari ametuambia moyo wa Baba umechoka. Nataka wapatane angali hai, basi.

Nikazungusha kuume. Chuma kikatoa mlio mwembamba, kama yai likigongwa. Roho ikaniruka. Fremu ikipasuka hapo, hakuna wa kuiunga.

"Tia nguvu!"

"Baba, itapasuka!"

"Kuume, nakwambia!"

Hasira zikanipanda hadi utosini. Nikageuza spana kimya kimya, nikasema bismillahi, nikavuta kushoto kwa mwili mzima. Krrr! Kikalegea.

Baba alisikia. "Umezungusha wapi?"

Nilitamani kumdanganya. "Kushoto, Baba."

Akanyoosha mkono, nikauweka kwenye kikombe. Akakizungusha kushoto kwa vidole, taratibu, kikamfuata. Kumbe miaka yote hii aliyekikaza ni yeye.

"Kirudishe," akasema. "Kikaze kama kilivyokuwa."

"Ati nini?" Nikasimama. "Wallahi sikirudishi! Kibri gani hiki, Baba? Wataka kwenda nacho kaburini?"

"Kikaze, mwanangu, kisha umpigie kakako simu." Akajifuta macho kwa ncha ya kikoi. "Mwambie babake ameshindwa. Aje akifungue yeye, pale barazani. Nilimpiga mbele ya watu. Na anishinde mbele ya watu."

Nikapiga magoti tena, machozi yanichuruzika, nikazungusha kuume.