Karatasi ya Kumgeuza Mama

Wenzake walimwita Winchi, maana aliweza kumnyanyua mzee wa kilo tisini peke yake na kumlaza ubavu, na mzee asigune. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, wodi ya wasioinuka. Kila baada ya saa mbili mgonjwa hugeuzwa, na kwenye karatasi iliyotundikwa kitandani hutiwa alama ya vema. Wahudumu wawili, wazee thelathini. Nani angeshika kalamu kutwa? Vema zote walizitia asubuhi, kisha wakawageuza wazee kila saa mbili kwa kumbukumbu. Miaka sita, hakuna mgonjwa wa Winchi aliyeota kidonda cha kulalia.

Mgonjwa wake mwingine alikuwa nyumbani, mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja. Bahati yake nyumba ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa kazini, hivyo kila saa mbili alichomoka dakika kumi, akamgeuza, akarudi mbio.

Ndipo akaja Profesa, mwanamke mwenye sauti laini na begi la saa za mkononi. Alikuwa anafanya utafiti kuhusu ustawi wa watu wanaotunza wazee. Saa hizo zilipima mapigo ya moyo.

“Siku nne mtalala hapa hapa,” alisema. “Mkienda nyumbani, mambo ya nyumbani yatawaingia moyoni, na mimi napima kazi.”

“Mama yangu hawezi kujigeuza, Profesa,” Winchi alisema.

“Pole sana, dada yangu. Utafiti huu ni kwa ajili ya watu kama wewe.”

Matroni, mkuu wa nyumba ile, alikuwa amesimama mlangoni. “Asiyetaka aseme sasa hivi, nijue mkataba wake nimpe nani.”

Wahudumu wakajipanga kuchukua saa.

Kabla siku hizo hazijaanza, Winchi akakimbia nyumbani na karatasi tupu ya kazini, akampa wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono.

“Kila saa mbili, wifi. Ubavu huu, mgongo, ubavu ule. Ukishamgeuza, tia vema.”

“Vema kumi na mbili kwa siku! Nyie huko mnaziweza?”

Winchi akacheka. “Sisi tunazimaliza zote asubuhi, wifi.”

Akatoka mbio. Kwamba baada ya vema mgongo bado unageuzwa, hakusema. Aliona halihitaji kusemwa.

Siku nne zilikwenda. Akianika mashuka aliliona paa la kwao juu ya ukuta, karibu kiasi cha kulirushia jiwe. Akipiga simu, wifi alimjibu, “Karatasi imejaa, kazi haina kasoro. Wewe tulia na saa yako.” Akatulia. Mchana Profesa alimkalisha na kumuuliza maswali.

“Ukiwa kazini, unakuwa na wasiwasi wa nini?”

“Mgongo wa mama.”

“Wa hapa kazini tu, dada.”

“Basi sina.”

Siku ya nne, saa kumi jioni, waliruhusiwa. Saa wangezirudisha kesho yake. Winchi alipofika mlangoni kwao, pua ikamwambia kabla ya macho. Ukutani karatasi ilikuwa imejaa vema nzuri, zimenyooka, mpaka za keshokutwa.

Akamshika mama, akamgeuza. Shuka likaja na ngozi. Chini ya mgongo palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, na katikati yake kitu cheupe.

Mama aliongea kwa upande mmoja wa mdomo. “Nilimwita. Akaniambia, mama, umeshageuzwa, mbona imeandikwa.”

Wifi alisimama, mikono kiunoni. “Usinitolee macho! Si ndivyo mnavyofanya? Nimekufuata wewe uliyesomea.”

Winchi akamnyanyua mama na shuka lake, akatoka naye.

Kwenye zahanati daktari alifunua shuka, akalirudisha. “Kwa umri huu, hakifungi tena. Mpeni maji, msubiri.” Akatikisa kichwa. “Na huyo anayemtunza mtafutieni kazi nyingine. Hii haijui.”

Asubuhi Profesa aliichomeka ile saa kwenye kompyuta, akashtuka. “Dada, jana saa kumi na robo jioni moyo wako uliruka mpaka mia moja sabini! Wodini kulitokea nini?”

“Nilikuwa nyumbani.”

“Aa.” Profesa akashusha pumzi. “Ulinitisha. Basi hiyo tunaitoa.” Akabonyeza kitufe, na mlima uliokuwa kwenye kioo ukatoweka. “Ona sasa. Siku nne, shwari kabisa. Hakuna aliyetulia kama wewe.”

“Si nilikwambia?” Matroni alisema. “Wahudumu wangu hapa wanakula raha tu.”

Winchi akaingia wodini. Kwenye kitanda cha kwanza alilala fundi cherehani mstaafu, mzee mwepesi kama kapu tupu, ambaye kwa miaka yote sita hakuwahi kumlalamikia. Kalamu ilining’inia kwa uzi. Akatia vema kumi na mbili, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akavuta kiti, akakaa.

Mzee akasubiri. Baadaye akakohoa kidogo, kwa adabu.

“Mwanangu, ubavu umekufa ganzi. Leo hunigeuzi?”

“Umeshageuzwa, babu,” Winchi alisema. “Mbona imeandikwa.”