Kodiani ya Pili

Kwao Mamou, mji mdogo wa Louisiana, mpiga fidla akifiwa na mume, fidla hutundikwa mwaka mzima. Azeli Vidrine aliitundika mwaka na siku tatu. Hizo tatu, alisema, ni kwa sababu marehemu alikuwa hajui kuwahi popote.

Muda wote huo Elton Guidry wa kodiani na Hollis wa gitaa walikuwa meza ya miguu miwili. Bendi ilikuwa ya watatu: Azeli na nyimbo kongwe za milimani alizorithi kwa babake, Hollis na swing, muziki wa dansi wa Teksasi, Elton na muziki wake wa Kikejuni, wa Wafaransa wa mashamba ya mpunga.

Jumamosi aliyorudi, baa ilijaa saa tatu asubuhi kama ada ya pale, watu na bia zao na soseji zao za wali. Azeli akakaza nyuzi kwa kufuata kodiani ya Elton. Pale hata mtoto anajua: kodiani haipandishwi wala haishushwi, sauti zake zimefungwa humo humo. Fidla ndiyo hufuata. Zikigombana, kosa ni la fidla.

Sasa Elton alikuwa nazo mbili, mapacha watupu, ila ya pili imepanda nusu sauti. Azeli alipogeukia kahawa yake, Elton akabadilisha.

Hakuwa na nia mbaya. Miaka ishirini walikuwa wakifanyiana hivyo. Azeli aliwahi kumjazia kamba wa matopeni, wazima, kwenye mkoba wa kodiani. Elton aliona kicheko kimoja kitaanua matanga.

Walianza wawili, Hollis akisubiri ubeti wa pili. Lo! Paka wawili ndani ya gunia. Azeli akasimama, akakaza uzi, wakaanza tena. Ikawa balaa zaidi.

"Dada Azeli, hiyo fidla ililala au ilikufa?" mtu akapiga kelele kaunta. Baa nzima ikaangua kicheko.

Elton naye alicheka, akingoja atukanwe kama kawaida. Azeli hakumtazama. Alitazama vidole vyake.

"Mnisamehe, jamani," akawaambia watu. "Naona masikio yamemfuata mzee."

Hapo ndipo pa kusema. Elton akafungua mdomo, akaona zile nyuso za huruma, akaufunga. Azeli akafunga fidla yake, akaenda zake.

Jumatano Elton akamfuata jikoni kwake, akamkuta anakata vitunguu.

"Dada, ni mimi. Nilibadilisha kodiani."

Kisu kikasimama. Kisha Azeli akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe masikio mazima! Siku nne silali, mwehu wewe!"

"Basi Jumamosi tunapiga?"

"Tunapiga. Mimi na Hollis."

"Na mimi je?"

"Utani ningekusamehe palepale, Elton. Lakini niliomba radhi mbele ya watu, na wewe umesimama ubavuni kwangu, ukaniacha niombe."

Akarudia vitunguu vyake.

Siku hizi Elton hukaa karibu na mlango wa baa. Akiulizwa kodiani iko wapi, husema ina mafua. Watu hucheka, kisha huinuka kucheza. Fidla na gitaa zinapatana vizuri mno. Naye anapiga makofi kama wengine.